Blanketi la Kigego

Nilipokuwa mtoto nilikatazwa kucheka mbele ya sufuria la pombe. Nikicheka, meno yangu ya juu yanaonekana, na meno hayo ndiyo yaliyotangulia kuota kabla ya ya chini. Mie ni kigego. Kwa watu wa kwetu, mtoto wa namna hiyo ni nuksi iliyovaa gauni: akiangalia mboga inaungua, akisogelea pombe inalala. Basi nikajifunza kucheka huku nimeziba mdomo, mtoto mdogo kama nini.

Tulikaa Kawe. Baba, mtu wa Newala, alikuwa anachonga vinyago Mwenge. Mama, Mngoni wa Songea, alipika komoni, pombe ya mahindi na ulezi, na Jumapili wachongaji wenzake Baba walikuja uani kwetu kuinywa. Halafu alikuwepo Shangazi Asumpta, dada yake Baba, aliyekuja kututembelea akasahau kuondoka.

"Wifi," alimwambia Mama, mie nikiwa palepale, "huyu mtoto apelekwe Newala kwa bibi yake akatengenezwe."

"Akatengenezwe? Kwani yeye ni redio?" Mama akasonya.

Yangeishia kwenye maneno kama komoni isingeanza kuharibika. Ikatoka nzito, chungu, inanuka uchachu. Wachongaji wakaionja wakaaga. Mama akapika tena, ikawa yaleyale. Shangazi alinitazama meno tu. Jioni ile Baba, mtu wa kukwepa ugomvi, akasema huku anaangalia chini, "Ikikataa tena, Stumai aende Newala." Nililia hadi nikapata kwikwi. Newala sikuijua, bibi sikumjua, na mama yangu alikuwa Kawe.

Niseme kidogo kuhusu komoni, maana wengi wanainywa tu. Kazi yake yote ni moto. Unapika uji, unauepua, unasubiri upungue moto ndipo utie unga wa kimea, yaani ulezi uliooteshwa ukaanikwa. Ukitia uji unatokota, kimea umekiua. Ukiuacha ukapoa, kimea kinakaa bure na uji hauingii utamu. Mama hakuwa na kipimo, alichovya kidole. "Kiingie, kisikae," ndivyo alivyosema. Kikishindwa kuingia, bado. Kikikaa, umechelewa. Akisharidhika anatia kimea, anakoroga, halafu anafunika sufuria kwa majani ya mgomba, magunia, na juu kabisa blanketi ili joto lisitoke mpaka jioni. Blanketi zito nyumbani lilikuwa moja, la kijivu lenye mistari myekundu. Ndilo nililokuwa najifunika usiku.

Jumamosi ile Mama alifunika pombe yake, akatoka kwenda kusaga. Mie niliambiwa nikae mlango wa mbele, mbali na uani. Haukupita muda Mama akarudi na mahindi yake kichwani, mashine haina umeme. Akapita moja kwa moja hadi uani, nami nikamsikia.

"Nani kalianika blanketi hili?"

Nikachungulia. Blanketi langu lilikuwa kwenye kamba, kavu, halijafuliwa. Sufuria limebaki na magunia yamekaa upande. Shangazi alikuwa kwenye mkeka anachagua mchele, wala hakushtuka.

"Mie, wifi. Analilalia kigego hilo. Utafunikaje kinywaji cha watu kwa nuksi yake? Nakusaidia. Ukitoka, nalitoa. Ukikaribia kurudi, nalirudisha."

Jamani! Na alisema kwa moyo mweupe kabisa, anangoja kushukuriwa.

Mama hakupiga kelele. Alifunua sufuria, akachovya kidole, akakiacha humohumo. "Baba Stumai!" akaita. Baba akatoka ndani na patasi mkononi. "Chovya." Baba akachovya. Kidole kikaingia, kikakaa. Wamesimama wawili, vidole ndani ya uji. Mwisho Baba akakitoa, akakifuta kwenye suruali, akarudi ndani.

Mama akachota uji, akauchemsha pembeni, akaurudisha kidogo kidogo huku akichovya, mpaka kidole kikatoka mbio. Akaongeza kimea kilichobaki, akafunika, blanketi juu.

"Stumai, njoo hapa."

"Wifi, usifanye hivyo!" Shangazi akasimama, mchele ukamwagika. "Unatafuta makubwa!"

"Si wanasema mchawi mpe mwanao akulelee? Basi kigego nampa pombe yangu ailee." Akanikalisha mgongo ukiegemea blanketi. "Na ucheke, mwanangu. Cheka na meno yote."

Nilianza kwa kulia, nilikuwa naogopa. Halafu joto likaniingia mgongoni, nikamwangalia Shangazi anavyookota mchele punje kwa punje huku anajipiga ishara ya msalaba, kicheko kikanitoka chenyewe. Nilikaa pale hadi jua likashuka.

Mama alipofunua, uji ulikuwa mwepesi, unanukia utamu. Kata ya kwanza akampa Shangazi.

"Tamu," alisema Shangazi. "Lakini..."

"Lakini nini?"

"Lakini tamu."

Habari ya Newala haikutajwa tena nyumbani kwetu. Shangazi hakubadilika, alisema siku ile nuksi yangu ilikuwa imesafiri. Baba hakuniomba radhi mpaka anafariki, na mie hilo sijalisahau wala sina haja ya kulisahau. Watu wazima watatu walikaa nyumba moja, na ni mmoja tu aliyethubutu kuchovya kidole kabla ya kumhukumu mtoto. Mambo ya wazee nayaheshimu. Hilo siliheshimu.

Siku hizi napika komoni kwangu Chanika. Blanketi lile limebaki matundu, lakini joto bado linashika. Juzi jirani alikuja kunywa, akambeba mwanangu, akamchungulia mdomoni.

"Mama, hili jino... ni la juu."

"Nimeliona," nikamwambia. "Nipe mtoto."

Nikatandika mkeka, nikamwegemeza kwenye blanketi, pombe nyuma yake. Akamtazama jirani, akacheka. Sikumziba mdomo.