Makochi Kwenye Chumba cha Boila

Simu kutoka Tanga ilinifikia mama ameshazikwa. Kwetu maiti hailazwi, na hata wangemngoja, karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado. Nikitoka Marekani, sirudi. Nikamwambia mume wangu: kama kaburini sikufika, msiba nitauweka hapa hapa Silver Spring, siku tatu kamili, kama kwetu. Asiyetaka na akalale hotelini.

Msiba unakaliwa chini. Mume wangu na wenzake wakabeba makochi, meza na kabati la televisheni, wakavisukumiza besimenti, chini ya nyumba, kwenye kijichumba cha boila, ule mtambo wa gesi unaochemsha maji ya kupasha nyumba joto. Wakafunga mlango. Sebuleni tukatandika mikeka na magodoro, kina mama wakaanza kuja, na kila aliyenikumbatia nililia upya. Nililia vizuri, jamani. Sina neno jingine.

Jioni ile ile boila ikazimika, na ilikuwa Januari. Mume wangu akashuka, akaiwasha. Ikanguruma kama saa moja, ikazimika. Akabadilisha betri za kile kidude cha ukutani cha kupangia joto. Ikazimika. Akatoa hewa kwenye redieta zote, yale machuma ya ukutani yanayopitisha maji ya moto, chumba kwa chumba, akalowesha mazulia. Ikazimika tena. Kesho yake asubuhi watu wamekaa na makoti, watoto makamasi yanawatoka, nami nikamfokea mbele za wageni: "Mama yangu kafa mara moja tu, na wewe hita imekushinda!" Akashuka tena chini. Maskini, na yeye alimpenda.

Tulikuwa na bibi mmoja wa Pangani, sote tukimwita shangazi. Akaniuliza, "Mbona mumeo akiwa huko chini haizimiki? Inazimika akishapanda."

"Labda inamwogopa," nikasema. Nilikuwa na hasira na kila mtu.

Tukaita fundi. Mmarekani mnene, mpole. Akafungua mlango wa kile kijichumba, akasimama akiyatazama makochi yetu. Akatueleza kwamba moto unakula hewa, hewa yenyewe inaingia kwa matundu ya mlango ule, na sisi tumeyaziba kwa kochi. Mlango ukiwa wazi boila inapumua; tukiufunga inakosa hewa, inajizima yenyewe isije ikatuua kwa moshi. Vitu vyote vitoke. Akafunga gesi, akaning'iniza karatasi nyekundu kwenye bomba, akasema hafungui mpaka vitoke.

Vitoke viende wapi? Nje theluji, vyumbani magodoro ya wageni. Nikasema basi, tutakaa na baridi yetu.

"Mwanangu," shangazi akasema, "mle ndani mna kichanga cha miezi miwili."

Nikamwita mume wangu. Makochi yakapandishwa sebuleni, mikeka ikakunjwa, na ilikuwa siku ya pili tu. Kwetu mkeka ukikunjwa, matanga yameanuliwa. Hakuna aliyelitamka hilo, ila kina mama wakaanza kutafuta viatu. Huyu ana zamu ya kutunza wazee, yule anawahi treni. Shangazi ndiye aliyenishika mkono kwa muda mrefu, kisha naye akavaa koti. Kufika alasiri fundi ameshafungua gesi, boila inanguruma bila kusita, nyumba ina joto la kuvua sweta, na mimi niko peke yangu kwenye kochi. Nilimchukia yule fundi. Nililichukia na kochi lenyewe.

Ndipo akaja jirani yetu Mkenya, nesi, kunirudishia sufuria. Alikuwa zamu mbili mfululizo, habari hana. Angekuja asubuhi angekuta viatu vimejaa mlangoni na wanawake wamekaa chini, angejua kabla sijafungua mdomo. Sasa alikuta sebule kama sebule yoyote. Akajitupa kwenye kochi, akasugua mikono.

"Aki nyumba yako iko na joto! Kwangu ni baridi tu," akasema. "Na mama huko nyumbani, hajambo?"

"Hajambo," nikamjibu, nikaenda kumchemshia chai.