Baiskeli Isiyo na Keria

Sisi tuliokulia enzi za vibali hatukufundishwa kuchagua. Baiskeli ilikuja ya aina moja, nyeusi, na ukiandikiwa kibali ulimshukuru Mungu. Ikija bila pedeli ulishukuru vilevile, ukaenda kutafuta pedeli. Kwa hiyo ruksa ya biashara ilipoingia, maduka ya Mbinga mjini yakaanza kujaa vitu, wengi wetu tulibabaika. Mimi nilibabaika kuliko wote, ingawa wakati ule nilidhani nina akili sana.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Ruanda, Ruanda yetu ya Mbinga, na nilikuwa na mibuni yangu kwa wazazi kule Matiri. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walifika kwetu kwa mara ya kwanza, wakagombea magunia yetu kama vile hawajawahi kuona kahawa. Nikajiona mtu. Nikaenda Mbinga kununua baiskeli, na nikamchukua fundi mmoja niliyesoma naye ili anisaidie kukagua fremu, maana baiskeli ni fremu. Vingine vyote hubadilishwa.

Dukani zilikuwepo mbili za kufikiria. Ya tatu, ya bei ya chini, fundi alisema ni ya kuegemeza ukutani wageni waione. Ya kati ilikuwa nyeusi, mabomba ya fremu manene, ina madgadi ya kuzuia matope, kengele, na keria pana nyuma ambayo ungeweza kutandika mkeka. Ya juu ilikuwa imekuja na mitumba kutoka Ulaya, baiskeli ya mashindano ya barabarani. Fremu yake ilikuwa nyembamba, rangi ya damu ya mzee, viungo vyake vimeungwa kwa shaba hata mshono huuoni. Haikuwa na keria, wala mahali pa kufungia keria.

Fundi akatoa sarafu akaigonga ya kati. Ikasema ko. Akaigonga ya juu, ikalia, ikaendelea kulia kidogo hata baada ya yeye kuondoa mkono.

"Mwalimu, sikudanganyi, hii fremu ni kali," akasema. "Lakini chukua ya kati. Hii ya juu ni ya lami, na lami yenyewe bado iko Songea."

Mwenye duka naye akaanza maneno ya kumtoa nyoka pangoni, lakini alijisumbua bure. Nilikuwa nimeshainyanyua ile ya juu kwa vidole viwili. Hapo ndipo nilipokwisha.

Nilipofika nayo nyumbani mke wangu aliizunguka mara mbili, akauliza swali moja tu: "Na mimi nitakaa wapi, baba?"

"Mbele," nikasema. "Kwenye fremu."

Akacheka, akakaa palepale, kwenye bomba la juu, katikati ya mikono yangu. Tukapita sokoni hivyo, na watu walisema siku tatu. Kwetu nyuma hukaa mtu yeyote, hata gunia la mahindi, hata nguruwe akifungwa vizuri. Mbele kwenye fremu hukaa mtoto wako au mpenzi wako. Sikuona kasoro yoyote katika mpango huo.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alikwenda kuinunua ile ya kati. Ikawa kila nikikutana naye amebeba kitu nyuma, na kila mara aliuliza, "Mwalimu, hiyo yako inabeba nini?" Nami nilijibu, "Inanibeba mimi." Masika yalipoanza, matope yakawa yanajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma, na ikabidi niibebe begani. Wanafunzi wakapiga kelele kwamba leo baiskeli imempanda mwalimu. Niliwapa adhabu ya kufyeka, kisha nikaifuta fremu kwa kitambaa changu cha mkononi.

Mwaka wa pili tukapata mtoto wa kike, na hapo ndipo habari ya mama mkwe inapoingia.

Mke wangu ni mtu wa ziwani, Ziwa Nyasa, wa Mbaha, na kwao ni Waanglikana tangu babu. Aliingia dhehebu langu la Roma ili tufunge ndoa. Mama yake hakufika harusini. Alituma salamu kwamba anaumwa. Tangu siku ile hakuwa amekanyaga kwetu. Mimi nilikuwa nimemwona mara mbili tu, kwa mbali, nimeinama, maana mkwe ni mtu wa heshima: humtazami usoni, humpi mkono, na ukiwa na neno unalipitisha kwa mtu wa tatu. Sasa akatuma ujumbe kwamba atakuja kwenye ubatizo wa mjukuu, Jumapili. Siku ujumbe ulipofika mke wangu alifagia uwanja mara nne.

Angepanda lori la wafanyabiashara wa usipa, wale dagaa wa ziwani. Alhamisi mvua ikakata barabara, na lori likaahirisha safari. Mke wangu akakaa kitandani na mtoto mapajani, akalia. "Asipokuja safari hii, hatakuja tena. Namjua mama."

Mwalimu mkuu alikuwa ameondoka na baiskeli yake kwenda Mbinga. Ijumaa nikateremka Mbaha na ile yangu, breki zinalia njia nzima, na kwa kweli niliteremka vizuri ajabu. Sikufikiri chochote. Nililala kwa jirani, maana ukweni hakulaliki ovyo.

Alfajiri mama mkwe akatoka na kikapu cha usipa wakavu, kanga mbili na viatu vya kanisani mkononi. Nikachuchumaa pembeni, macho chini. Akamnong'oneza binti yake mdogo, na shemeji akanijia.

"Shemeji, mama anauliza, atakaa wapi?"

Nikaitazama baiskeli. Hata sasa nikikumbuka dakika ile masikio yananiwaka moto. Ingekuwa ile nyeusi yenye keria, angekaa nyuma, akashika siti, akatazama milima, heshima ikabaki mahali pake. Mimi nilikuwa na bomba moja, jembamba, zuri, katikati ya mikono yangu.

Shemeji akaweka kiganja kwenye fremu. "Hapa?" Kisha akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

Mama mkwe akageuka, akatupa mgongo. Niliona mabega yake yanatikisika, nikajua ni hasira. Akaingia ndani. Nikabaki nimechuchumaa, nikitunga namna ya kumweleza mke wangu kwamba nimemkosesha mama yake kwa sababu ya rangi ya damu ya mzee.

Akatoka amefunga kanga kibwebwe. Akakining'iniza kikapu kwenye usukani, akasimama upande wa pili, fremu ikawa kati yetu. Akasema, akiitazama siti:

"Baiskeli, twende."

Tulikuwa wawili tu njiani, hakuna wa kupitishia neno. Tulitembea mpaka jua likachomoza, kisha nikajikaza. "Baiskeli, mwambie mama shikamoo."

"Marahaba, baiskeli. Mwambie huyo anayekusukuma apunguze mwendo, mimi si mwanariadha."

Basi tukaanza. Baiskeli iliulizwa kama binti yake anakula vizuri, kama bado ana hasira za asubuhi, kama ni kweli sisi wa bara tunakula ugali bila samaki. Mimi nilijibu yote, "Mwambie mama hivi, mwambie mama vile," na watu tuliopishana nao walitushangaa. Kwenye mpando yeye alishika siti na kusukuma upande wake, na fremu ile ilikuwa nyepesi kweli. Hilo fundi hakulisema: kwetu baiskeli husukumwa zaidi ya inavyopandwa.

Tukafika mtoni. Maji yalikuwa ya magoti na yana nguvu. Nikaiweka baiskeli begani, kikapu kichwani. "Baiskeli, usiniache," akasema, na akashika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili. Katikati aliteleza. Nilisikia uzito wake wote unaingia kwenye fremu, na fremu ikaupokea, na mimi nikakanyaga mawe kama nimeota mizizi mpaka akasimama tena.

Ng'ambo alikaa kwenye jiwe kukamua kanga. Kisha: "Baiskeli, siku ile ya harusi mimi sikuumwa. Nilikuwa na hasira. Nilisema mwanangu amechukuliwa na mlima." Akakamua pindo la mwisho. "Mtoto atabatizwa jina gani?"

"Mwambie mama," nikasema, "ni jina lake yeye."

Alifuta uso kwa kanga iliyolowa. Tukaendelea.

Tuliingia Ruanda jioni. Mke wangu alitoka mbio, akapiga magoti mbele ya mama yake, wakalia wote wawili, na mtoto naye akawafuata. Baadaye nilimsikia jikoni akiuliza, "Mama, umekuja na nini?" Akajibiwa, "Na baiskeli. Ilikuwa na mtu wake mmoja hivi, anasukuma vizuri."

Jumapili alikaa benchi la mbele, kwa viatu vyake, akampokea mjukuu wake baada ya maji. Jumanne lori likapita. Mwalimu mkuu alikuja kuagana naye, na nyeusi yake, na keria yake. Mama mkwe aliipita ile nyeusi bila kuitazama. Akaja kwenye yangu, akaweka mkono juu ya siti.

"Baiskeli," akasema, "mwambie mwanangu ahsante."

Njia nzima kutoka Mbaha nilikuwa "huyo anayekusukuma"; sasa nimekuwa mwanawe. Nilishika usukani, na nikavunja heshima yote, nikajibu mwenyewe:

"Karibu tena, mama."

Aligeuka haraka akanipa mgongo, kama inavyotakiwa. Lakini niliyaona mabega yake yanatikisika, na safari hii nilijua ni kicheko.