Mlango wa Inshirah

Kwa miaka mingi mlango wa Inshirah haukufungwa mchana. Kiangazi ulikuwa wazi, na baridi ya Januari ilipopanda ngazi za jengo letu hapa Damanhuri, Misri, ulikuwa wazi vilevile, umezuiliwa kwa tofali. Paka waliingia na kutoka. Mpangaji mmoja mgeni aliwahi kuushindika kwa wema wake tu. Inshirah akatoka mbio, akamtukana mpaka marehemu babu yake, kisha akamwomba radhi huku analia. Mimi nakaa ghorofa ya juu yake, na kila aliyeniuliza nilimwambia hivi: ukifika kwa Inshirah usigonge, ita tu.

Yalianza mwaka ule wa homa ya nguruwe. Mwanzo tulicheka. Mume wangu alikuwa akisema, "Nguruwe hatumli, hatumfugi, homa yake imetujuaje?" Shule zilichelewa kufunguliwa, na zilipofunguliwa kila mtoto aliambiwa aje na sabuni na taulo yake, wakati mabomba ya shule yenyewe yalikuwa yakitoa hewa tupu. Wazazi tukaitwa. Tulisimama uani bega kwa bega kumsikiliza daktari akitukataza kubanana. Hapo ndipo aliposema kwamba ugonjwa huu ni mbaya zaidi kwa wajawazito. Inshirah alikuwa kando yangu, akanishika mkono kwa nguvu. Mdogo wake, Bahiga, alikuwa na mimba kubwa.

Hazikupita siku nyingi, Ziyad mwana wa Inshirah akarudi shuleni anawaka homa, na darasa lao likafungwa. Sasa, sisi watu wa mtaa huu mgonjwa hatumwachi apumue. Kutokwenda kumjulia hali ni kumkana. Machungwa yalianza kupanda ngazi siku hiyohiyo, na kila aliyeleta machungwa alitaka na kumbusu mtoto. Inshirah akatia ufunguo mlangoni, akampigia simu mdogo wake kumwambia asikanyage.

"Dada, umeanza lini kuogopa mafua?" Bahiga alimcheka. "Nakuja na supu."

Ndivyo alivyokuwa Bahiga, Mungu amrehemu. Ukimkataza jambo umemwonyesha njia.

Alikuja alasiri na sufuria ya supu ya njiwa, binti yake mdogo Rodaina akimfuata nyuma na ndimu mkononi. Jengo zima lilimsikia.

"Dada! Fungua bwana, naungua mikono! Wee Inshirah! Nikizaa hapa ngazini, mtoto namwita Kizingiti, shauri yako!"

Inshirah alikuwa nyuma ya mlango, mkono mdomoni. Alijua sauti yake ikisikika tu, Bahiga habanduki pale mpaka aingie. Basi akanyamaza. Kugonga kukapungua, kukakoma, na sufuria ikawekwa chini.

Bahiga alikuwa amevimba miguu, njia ya kwake ilikuwa ndefu. Akateremka ghorofa ya chini kwa rafiki yake, Mama Wael, akaketi, akanywa chai, akalia kidogo kwa uchungu wa kufungiwa na dada yake. Huyo Wael alisoma darasa moja na Ziyad, na saa ile alikuwa amelala nyuma ya pazia akikohoa. Mama yake alikuwa amemficha, maana mumewe alikuwa na tanuri la mikate, na nani atanunua mkate wa nyumba yenye homa ile?

"Vumbi la unga tu hilo," alimwambia Bahiga, akamwongezea chai.

Ziyad alipona. Wael naye alipona. Bahiga tulimzika na mtoto wake tumboni.

Mama Wael alihama bila kuaga mtu. Inshirah alibaki, na hodi zikabaki naye. Alikuwa akikatakata vitunguu alasiri, ghafla anainuka, anakwenda kufungua, hakuna mtu. Niliwahi kumwona akifanya hivyo mara tatu wakati wa chai moja. Mwishowe akaleta tofali. Mlango ulio wazi, aliniambia, haugongwi.

Faraja yake ilikuwa moja. "Alidhani nimelala," alikuwa akisema. "Nilikuwa nimekesha na mgonjwa, angedhani nini kingine? Aliondoka akijua dada yake amelala." Sikumbishia hata siku moja. Mfa maji hukamata maji, na mimi si mtu wa kumbandua mwenzangu vidole.

Mwaka huu Rodaina anaolewa. Juzi alikuja kuchukua sufuria ya mama yake, aende nayo kwake. Chombo cha watu hakirudi kitupu, kwa hiyo tulikaa sote watatu jikoni kwa Inshirah tukifunga mchele ndani ya majani ya kabichi, tukimtania bi harusi kwamba vifungo vyake vimelegea kama kilemba cha mlevi. Tulicheka sana. Katikati ya kicheko Inshirah akasema yale maneno yake ya siku zote.

"Mama yako aliondoka akidhani nimelala."

Rodaina hakuinua macho. Alikuwa angali na tabasamu. "Aa, mama mkubwa, alijua uko macho. Si kulikuwa na mwanya chini ya mlango? Aliniinamisha akanionyesha vidole vyako vya miguu. Tukacheka! Akasema, 'Mtazame, anajificha kama utotoni. Ngoja, atafungua tu.'"

Inshirah alimaliza kufunga jani lake, akalipanga sufuriani.

"Halafu?"

"Halafu akagonga tena. Akangoja." Tabasamu la msichana likapungua, nadhani alikuwa ndiyo kwanza anasikia anachosema. "Halafu akaacha kucheka."

Chakula kikaiva. Inshirah aliifunika sufuria kwa kitambaa safi, akambusu Rodaina kwenye paji la uso, akamsindikiza mpaka ngazini, akasimama pale hadi nyayo zake ziliposikika barabarani.

Kisha akarudi ndani, akasukuma tofali kwa mguu, akafunga mlango. Nilikuwa bado naosha vyombo. Aliegemea mlango kama mtu anayesikiliza, akainama kuvitazama vidole vyake vya miguu.

"Njoo, keti," nilimwambia.

"Subiri," alisema. "Akigonga leo, nitafungua."