Samadi ya Kumi na Saba

Baba yangu alikuwa mshenga wa maharage. Kwa miaka ishirini na nane alipiga magoti shambani kwenye kituo cha utafiti, akafungua ua changa kwa kibano na kulipaka chavua ya aina nyingine, kisha akasubiri kuona watoto watafanana na nani. Wenzake walimwita Mizani, kwa kuwa hakuna alichokiamini bila kukipima. Nyumbani alipima hata sukari ya chai, na mama alimwacha tu.

Katika maelfu ya mbegu alizozalisha, aliipenda moja: namba kumi na saba. Aliitaja mezani mara nyingi kuliko alivyonitaja mimi, na mimi ndiye bintiye wa pekee. Sikuwa na kinyongo. Haya, nilikuwa nacho kidogo.

Msimu wake wa mwisho kabla ya kustaafu, Kumi na Saba ilifika majaribio ya mwisho. Ilipandwa vituo vinne, penye mvua na penye ukame, pamoja na aina nyingine kumi na moja. Kamati ya kupitisha mbegu ilitaka izae vizuri, na isiyumbe, yaani asijute mkulima wa mlimani wala wa bondeni. Mbegu ikishindwa hapo, inatupwa.

Vitalu vilikuwa na namba za siri ili pasiwe na upendeleo. Lakini baba ndiye aliyevipanda, na ramani alikuwa nayo kichwani. Kila wenzake walipokwenda kula, alibeba ndoo ya samadi akailisha Kumi na Saba peke yake, kama bibi anayemfichia mjukuu mnofu.

Matokeo yalipotoka, kituoni kwetu Kumi na Saba iliwaacha wenzake mbali sana. Baba alirudi akipiga mluzi. Kesho yake alirudi ameishiwa nguvu. Mkuu wake, daktari wa mbegu mwenye umri kama wangu, alikuwa amemwambia, "Mzee wangu, hii inayumba. Hapa inapaa, kwingine ni ya pili tu. Inadeka nyumbani tu. Kamati haitaipokea."

Mama alimtazama. "Umeipa nini?"

"Samadi."

"Ndoo ngapi?"

"Tisa."

"Na ulizipima?"

"Nilizipima."

Mama alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akasema, "Mume wangu, kesho nenda ukaseme."

"Nikisema nitaondoka pale kama mwizi."

"Usiposema, wanaitupa."

Akaenda. Alipeleka na daftari, maana kila ndoo alikuwa ameiandika: tarehe, kitalu, kilo. Daktari alilisoma lote, akavua miwani. "Sijawahi kuona udanganyifu ulioandikwa vizuri namna hii," alisema. Kisha akafuta matokeo ya kituo chetu, akaamuru jaribio lirudiwe msimu unaofuata, na akampiga baba marufuku kukanyaga shamba. Hafla ya kumuaga haikufanyika. Nilimwonea aibu, na huruma zaidi.

Msimu mzima baba alishinda nje ya uzio, mikono mgongoni. Vitalu thelathini na sita, vitatu kwa kila aina, namba mpya, na hakujua Kumi na Saba iko wapi. Alivihurumia vyote, kwa tahadhari.

Baada ya mavuno daktari alikuja nyumbani. Hakukaa hata kitini.

"Imepita, Mzee. Hapa imekuwa ya pili, sawasawa na kwingine. Haiyumbi kabisa."

Baba aliuliza kilo ngapi. Akatajiwa. Akaomba atajiwe tena.

"Bila samadi?"

"Bila samadi," daktari alisema taratibu. "Na bila wewe."

Nilidhani ataumia. Aliumia kweli. Akafuta macho kwa kiganja, akamgeukia mama.

"Basi imeshakuwa mtu mzima," alisema.