Nyumba za Nyuma ya Mlabani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mnyororo wa kupimia ardhi, nikaonywa nisiguse kingine. Ulikuwa wa chuma, futi sitini na sita, na kwa jua la bondeni uliunguza viganja. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza akitawala. Niliuburuza kijiji cha Mkula, nikauburuza Mchombe kwenye tope la mpunga, hadi Bwana Mpimaji, mkubwa wetu wa kazi, akaniamini kuandika kitabu cha vipimo. Kitabu hicho hakifutwi. Ukikosea unakata kwa mstari mmoja, unatia sahihi yako, ili kila mtu ajue nani kakata.

Kisha tukatumwa Ifakara, kupima kitongoji kilichokuwa kikiota pembeni mwa mji, nyuma ya mtaa wa Mlabani, kuelekea mtoni. Walihamia humo Wapogoro wa upande wa Mahenge na wavuvi Wandamba. Mjane mmoja, Mama Paskalina, alikuwa akikandika ukuta nilipofika na mnyororo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kitabu chako, na sisi tumo?"

"Mtakuwemo, mama."

Nikapima nyumba moja moja, choo na kisima pia.

Jioni Bwana Mpimaji alifungua kitabu, uso ukamwiva.

"Nani kakwambia uandike vibanda hivi? Mahali hapa anapewa mfanyabiashara ajenge maghala. Andika majani."

"Majani hayapiki, Bwana. Pale kuna mafiga."

"Kata!"

Nilimsogezea kalamu. "Kata wewe, Bwana. Mstari mmoja, na sahihi yako."

Aliishika kalamu kitambo. Alijua wakubwa wake wa Dar es Salaam wangesoma jina lake kando ya kila nyumba iliyokatwa. Akaiweka mezani.

"Kesho unarudi kwenye mnyororo," akasema. "Na utaushika Mahenge, milimani."

Niliushika miaka minne. Wenzangu niliowafundisha kuandika walipandishwa, wakawa wananituma. Mke wangu alilia, kisha akafunga mizigo. Ramani ilitoka na nyumba zote. Maghala yakajengwa kwingine, na Mama Paskalina akamaliza kukandika ukuta wake.

Nilistaafu baada ya Uhuru, bila cheo cha kutaja. Wapo wanaonihurumia, wanasema ningeinamisha kichwa siku ile ningekuwa mkubwa. Wabaki na huruma yao. Ningerudishwa leo pale, ningemsogezea kalamu ileile.

Nanyi wajukuu mnaopima kwa mitambo mipya, mkiambiwa na yeyote, hata awe nani, kwamba mahali fulani hapana watu, msianze kuchora. Nendeni kwanza mkapige hodi.