Fundi wa Igawa na Gari Lililozima

"Kwa nini linapanda mlima vizuri, halafu likisimama linazima?"

Dereva wa teksi aliuliza pale Igawa. Kwenye kiti cha nyuma mama alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na hospitali iko mbali, Mbeya.

Fundi aliyeinamia injini alikuwa mwanamke. "Mama, hiyo si sufuria!" wanaume waliosimama kando wakamcheka. Kabla mimi, abiria wa mbele, sijawakemea, fundi alimwambia dereva awashe na kukanyaga mafuta kidogo, kisha akanyonya kibomba cha mpira kinachofungua vali inayorudisha moshi kwenye injini. Mngurumo haukubadilika. "Vali imeganda wazi; gari likisimama, moshi unaikaba injini," akasema. Injini ikazimwa; akaing'oa vali, akakwangua masizi, akairudisha. Dereva akawasha, fundi akanyonya tena: injini ikafifia. Akaachia: ikaamka. Chuma kizima kilitii pumzi yake! Waliomcheka wakageuka kutazama barabara.

Mama mjamzito akamshika fundi mkono. "Dada, panda twende wote, lisije likazima tena njiani."