Mama wa Mbebaji

Kesho yake baada ya kujua kwamba Germana alitudanganya kwa miaka kumi na miwili, nilimnyima chai. Alikuja asubuhi kwenye kibanda changu kama kawaida yake, akakaa kwenye benchi, nami nikamwambia maji bado. Maji yalikuwa yanatokota mpaka mfuniko unacheza, kila mtu anaona. Akainuka akaenda zake. Mimi naitwa Mishi, kwetu Kondoa, napika wali na makande hapa sokoni Kibaigwa, na nikikasirika sijui kuficha.

Germana ni mtafsiri wa sinema. Kibanda umiza cha Leonard kiko hatua chache kutoka kwenye jiko langu, na humo ndani yeye hukaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya televisheni, kipaza sauti mkononi. Anapunguza sauti ya wale wazungu, anaingiza ya kwake. Anakuwa polisi, anakuwa jambazi, anakuwa bibi wa dirishani, na mbwa akibweka anambwekea. Watazamaji wake wengi ni makuli wa soko la mahindi, wanaume wanaobeba magunia tangu alfajiri mpaka shingo zinakakamaa. Kiingereza hawakijui wala hawana haja nacho. Wana Germana.

Na walikuwa na Mbebaji. Kwao huko alikuwa na jina refu, lakini Germana alimpa hilo tangu sinema ya kwanza, kwa sababu nguvu zake zilikuwa za kubeba tu: treni, ghorofa, meli. Hakuruka angani, hakutoa moto. Aliinama, akaingiza bega, akanyanyua. Sasa niambie, makuli wangempenda nani mwingine? Walimwona ni mwenzao aliyefanikiwa. Zilitoka sinema tano zake, na zote tano tulizitazama mpaka tukajua atakohoa wapi.

Lakini mimi sikumpendea mabega. Nilimpenda kwa ajili ya mama yake. Alikuwa na mama, anaitwa Anastazia, ambaye hatukumwona isipokuwa mwanzoni kabisa mwa sinema ya kwanza, mafuriko yalipobomoa nyumba yake. Germana alisema wamemwahi, yuko hospitali, anaendelea vizuri. Tangu hapo tulimsikia kwenye simu. Kila vita ikiisha, Mbebaji alisimama mahali pa juu, akagusa kidude sikioni, na Germana akasema, “Mama, shikamoo.” Halafu kwa sauti nyingine, nzito kidogo, ya mtu mwenye kifua: “Marahaba mwanangu. Umekula?” Kibanda kizima kiliangua kicheko. Na wakitoka pale, wanaume wazima walikuja kuniomba simu wawapigie mama zao vijijini, maana salio lao huwa halidumu.

Mwaka huu zikaja habari kwamba waliotengeneza Mbebaji wanaanza upya. Si sinema ya sita, hapana. Wanafuta zote, wanaanza tangu alipozaliwa, na stelingi ni kijana mwingine kabisa. Trela ikaanza kuzunguka kwenye simu, na soko likachafuka. Matonya, kiongozi wa makuli wa upande wetu, mtu ambaye amebeba magunia miaka ishirini na bado anatembea wima, aliishika simu mbali na macho, akaitazama, akasonya.

“Huyu?” alisema. “Huyu debe moja likimwangukia tutaitisha gari la wagonjwa.”

Wakalalamikia shingo yake. Wakalalamikia nguo, kwamba Mbebaji ni wa bluu, hii rangi ya majivu imetoka wapi. Nilikuwa nawapakulia huku nawacheka, lakini moyoni nilikuwa na langu: kama wanaanza mwanzo, basi safari hii tutamwona Anastazia vizuri, uso kwa uso. Hata Matonya alilikubali hilo. Tatizo ni kwamba mwishoni mwa trela kulikuwa na jeneza, na maua juu yake. Walibishana wiki mbili jeneza ni la nani.

“Kama ni la mama,” Matonya akatangaza mbele ya wote, mikono kiunoni, “kibanda cha Leonard sikanyagi tena. Na vijana wangu hawakanyagi.”

Vijana wake ni themanini. Ng'ambo ya barabara ya Dar kuna kibanda kingine chenye televisheni kubwa kama mlango na sinema zilizokwisha kutafsiriwa huko huko mjini. Makuli wakihamia huko, Leonard anafunga, na Germana hana kazi nyingine anayoijua. Hilo kila mtu alilijua.

Sinema ilipofika, Germana alifanya kama anavyofanya siku zote. Huwa haisimulii sinema kabla hajaitazama mara tatu, na daftari pembeni. Alileta kompyuta ndogo ya Leonard kwangu baada ya watu wa mchana kuondoka, akaiweka juu ya meza ya kukatia mboga. Mara ya kwanza nilimwona anaandika. Mara ya pili akaacha kuandika. Mara ya tatu aliisimamisha katikati, akanigeukia.

“Dada Mishi, mama anakufa.”

Nikamwambia pole, hata mimi nimeumia, lakini ndiyo sinema.

“Hujanielewa,” akasema. “Alikufa na ile ya kwanza. Dakika ya tatu. Mimi ndiye nilisema wamemwahi.”

Akanieleza yote. Wiki ile ya kwanza kabisa kushika kipaza sauti, mama yake mzazi alikuwa amelazwa hospitali ya Mvumi, kifua kimembana. Ilipofika pale nyumba inapobomoka, akataka kusema amekufa, mdomo ukakataa. Akasema yuko hospitali. Baada ya hapo ilibidi ambebe huyo mama sinema tano. Yule aliyekuwa anaongea na Mbebaji sikioni ni mkubwa wake wa kijeshi, wanapangiana kazi. Na mama mwenyewe wa Mvumi, Anastazia wa kweli, aliishi siku tisa tu tangu hapo. Germana alienda akazika, siku ya nne akarudi, akamwambia Leonard alikuwa na malaria. Aliogopa nafasi itachukuliwa. Hapa Kibaigwa hakumwambia mtu.

Ungetegemea nimkumbatie. Sikumkumbatia. Nilikasirika kweli. Miaka kumi na miwili namwombea dua mwanamke aliyekufa kabla hata sijamaliza kumenya karanga zangu! Ndiyo hapo nilipomnyima chai, kesho yake na keshokutwa yake. Siku ya tatu nilikuwa nasafisha lile benchi lake, nikakumbuka kwamba ni hapo alipokaa asubuhi ile aliporudi na ile malaria yake ya uongo. Nilimpa uji, nikamtania amekonda kama fimbo. Alikuwa ametoka kuzika, nami nikamcheka. Hasira yote ikanigeukia mimi. Nikamjazia kikombe, nikampelekea mwenyewe mpaka kwake.

Leonard naye alikwisha kuitazama, na kilichomkaa kichwani ni wale themanini. “Asife,” alimwambia Germana mbele yangu. “Sema amezimia.”

“Wanamzika, Leonard. Dakika nne nzima wanamzika.”

“Basi sema ni mama wa jirani.”

Niliishika pua nisicheke. Germana hakucheka. Alisema atafikiria, na mimi nilimjua, alikuwa amekwisha kuamua ila hakujua atatokaje humo ndani.

Jumapili saa tisa alasiri kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa juu ya ndoo zangu. Mabati yanawaka, jasho linawatiririka, na Matonya yuko benchi la mbele kabisa, amekunja mikono kama hakimu. Mimi nilifunga jiko, nikasimama mlangoni.

Sinema ikaanza, na jamani, alikuwepo. Anastazia. Mama mnene wa wastani, anashona nguo za watu, anamgombeza mwanawe kwa kuchelewa. Germana alipotoa tu ile sauti ya kifua, kibanda kikalipuka: “Ndiye! Ndiye huyo!” Nusu saa nzima tulikuwa naye. Hata yule kijana shingo nyembamba walianza kumvumilia.

Halafu mafuriko. Daraja limejaa watu, linakatika, na kijana anaingia chini yake, anaingiza bega, anashika. Magoti yanamtetemeka. Na pale ukingoni, maji yanampanda mama yake kiunoni, kifuani. Akiliachia daraja, anamfikia. Makuli waliinamia mbele wote, kwa sababu hawa ni watu wanaojua mzigo ukiwa begani na mtu yuko chini yake maana yake nini. Mama akapaza sauti. Germana akasema, “Usiliachie, mwanangu.” Maji yakamchukua.

Germana akanyamaza. Sekunde kumi, ishirini. Haijawahi kutokea kipaza sauti kile kikawa kimya.

“Germana!” Matonya akaita. “Wamemwahi?”

“Hapana,” akasema. “Hawakumwahi.”

Leonard alikwisha kuinua rimoti, picha ikasimama. Germana akainuka kutoka kwenye kile kiti, akasogea mbele ya televisheni ambako watu hawakuzoea kumwona.

“Na zamani hawakumwahi,” akasema. “Alikufa tangu sinema ya kwanza. Niliwadanganya. Mama yangu mimi alikuwa wodini wiki ile, na jina lake ndilo hilo la Anastazia, nikashindwa kulitamka neno. Baadaye akafa na yeye. Sikuwaambia. Nisameheni. Anayetaka kwenda kule ng'ambo aende, lakini mimi huyu simfufui tena.”

Leonard alikuwa anamtazama Matonya, mimi namtazama Matonya, kibanda kizima kinamtazama Matonya.

“Leonard,” akasema Matonya, “acha iendelee.”

Ikaendelea, na lile jeneza likatoka. Matonya akavua kofia, akasimama. Nyuma yake wakasimama wengine, benchi baada ya benchi, wanaume wenye vumbi la mahindi masikioni, wamesimama mbele ya televisheni ya inchi thelathini na mbili kama watu walio makaburini kweli. Germana alisimulia mazishi yale yote, neno kwa neno, hakuongeza kitu. Sauti ilikatika mara mbili, akaiokota. Na kijana alipotoka kwenye mazishi akarudi mtoni, akaingiza bega chini ya lile daraja kulirudisha mahali pake, Matonya alipiga kelele nikadhani bati limeng'oka: “Beba, mwanangu! Beba!” Wote themanini wakalibeba daraja lile pamoja naye. Kelele ilivuka barabara. Watu wa kibanda cha ng'ambo walitoka nje kuangalia kuna nini, na ilipoisha, wenzetu wakadai irudiwe papo hapo, na wale wa ng'ambo wakaingia.

Lakini kuhusu mama yake, hakuna aliyemwambia Germana neno. Walitoka wakiinamisha vichwa. Aliniuliza, “Wamenisamehe au wamenichoka?” Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua, nililala na wasiwasi.

Jumatatu kabla jua halijachomoza vizuri nilikuwa nachochea moto, nikaona wanakuja. Matonya mbele na nusu gunia la mahindi begani. Nyuma yake kuni, dumu la mafuta, mkeka, sufuria kubwa ambayo hata sijui waliitoa wapi. Wakavishusha vyote mbele ya kibanda changu, wakatandika mkeka.

Germana alitokea anakuja kunywa chai, akasimama.

“Shikamoo mzee Matonya.”

“Marahaba. Pole na msiba, binti yangu.”

“Mzee, ni miaka kumi na miwili.”

“Sisi tumeupata jana,” akasema Matonya. “Ungesema, tungekuja siku ileile. Kaa hapo, leo wewe ni mfiwa. Dada Mishi, pika.”

Nikapika. Nilikuwa nalia na moshi ukanisaidia kusingizia. Wakaketi wote kumzunguka, na kama inavyofanywa msibani, Matonya akaomba wasifu wa marehemu usomwe. Germana akasema hakuandika kitu. Wakamwambia asimulie basi, hiyo ndiyo kazi yake.

Akaanza polepole. Anastazia aliuza karanga kwenye geti la hospitali. Anastazia alimfukuza fisi kwa sufuria. Anastazia alimpeleka binti yake shule kwa miguu, maili saba, akamsubiri chini ya dirisha mpaka kengele ya kutoka, kwa sababu hakuamini kwamba mwalimu atamrudisha. Kufika kwenye fisi, sauti zikaanza kumbadilika, akawa mama, akawa fisi, akawa jirani aliyejifungia chooni. Makuli wakacheka mpaka wakagaragara. “Rudia hapo!” wakasema. “Rudia pa sufuria!” Na yeye Germana, machozi yanamtoka, anacheka kuliko wote, na anarudia.

Saa mbili ikapita, hakuna gunia lililopanda lori. Dereva mmoja wa Dar alipiga honi, akapiga tena, mwisho akashuka na hasira zake akaja mpaka kwenye mkeka.

“Jamani, nani anapakia hapa? Kuna nini?”

“Tuko msibani,” akasema Matonya.

“Nani kafa?”

“Mama yetu.”

Dereva akavitazama vile vichwa themanini. Akarudi akazima injini, akaja, akavua kofia, akatafuta pa kukaa. Germana akampisha kwenye mkeka, akamsimulia tangu mwanzo.